Papa, Lima, Tango

Leseni ilikuja Jumanne, bahasha ya kahawia,
imekunjwa mara tatu kama barua ya posa.
Ottawa wameridhia: masafa yetu wenyewe,
kituo kimoja cha nchi kavu, ndege nne,
na jina la kampuni limekosewa herufi moja.
Bwana Lindqvist akaibandika ukutani
juu ya birika la kahawa, akarudi nyuma, akaitazama
kama mtu aliyepata mjukuu.

Kabla ya hapo tulikuwa tunabahatisha.
Ndege ikishapita kilima cha dampo, hapa Kenora,
ilikuwa ya Mungu na rubani wake.
Nilikaa na simu mkononi, nikimngoja mwenye duka
wa kijiji fulani huko kaskazini apige, aseme,
"Ametua. Anakunywa chai."
Siku nyingine alisahau. Ana duka la kuendesha.

Fundi Wendell alitoka Dryden, gari limejaa nyaya.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
baridi ya kunata: ukigusa chuma unakiachia ngozi.
Akapanda paa na mlingoti begani,
mimi chini nimeshika ngazi, makoti mawili mwilini.
"Mawimbi haya hayajui kupinda kona," akapaza sauti,
"yanakwenda moja kwa moja kama mtu mwenye hasira.
Antena isipoiona ndege, haisemi nayo."
Nikamjibu kwetu Korogwe wapo wengi wa namna hiyo.

Tukapitisha waya dirishani, ufa tukauziba kwa soksi.
Redio yenyewe ndogo; nimeshaona pasi iliyoizidi.
Wendell akapima, akaguna,
akakata waya inchi mbili, akapima tena, akanyamaza.
Kwa mafundi, kunyamaza ndiyo shukrani.

Kisha somo la herufi. Ndege yetu kubwa,
ile nyekundu inayovaa ski miguuni, huitwa hewani
Papa Lima Tango.
Nilicheka mpaka Bwana Lindqvist akatoka chumbani mwake.
Nikawaeleza: papa ni samaki mwenye meno,
lima ni kazi ya jembe,
na tango hilo hapo, ndani ya mkate wako.
Papa, lima tango! Samaki kapewa shamba!
Wendell akaandika kwenye kiganja cha glavu
ili akamsimulie mkewe.

Masharti yalikuwa kwa maandishi madogo. Niliyasoma yote,
maana nimelelewa na karani wa mahakama
na karatasi kwetu husomwa hadi muhuri.
Shughuli za kampuni tu. Hakuna soga, hakuna muziki,
hakuna salamu za mtu na mtu.

Saa kumi na dakika ishirini jioni, nikabonyeza.
"Papa Lima Tango, hapa Kenora. Unanipata?"
Mchakacho, kama chumvi kwenye kikaango.
Nikabonyeza tena.
Mvua isiyolowesha kitu.
Bwana Lindqvist alikuwa anakoroga kahawa
ambayo hakuitia sukari.
Mara ya tatu,
sauti ya Verna Keesic, karibu, kama yuko nyuma ya mlango:
"Kenora, nakupata. Mafuta nusu, mizigo salama,
abiria watatu, mmoja anakoroma. Dakika arobaini."

Nikaandika daftarini: saa, mafuta, abiria.
Herufi zilipinda kidogo. Nikasingizia baridi.
Wendell alikuwa ameshaanza kukunja nyaya zake
kwa makini sana, mgongo ametupa sisi.

Halafu akarudi hewani, nje ya utaratibu:
"Huko chini jua limezama?"
Nikachungulia juu ya ile soksi.
Taa za barabara zimewaka, theluji imekuwa ya samawati.
"Limezama," nikasema.
"Mimi bado ninalo. Jekundu, zima,
limekaa kwenye ncha ya bawa."

Bwana Lindqvist akaiangalia karatasi ukutani.
Na mimi nikaiangalia.
Kisha nikainama, nikatafuta
safu ya hali ya hewa, nikaandika:
kweupe. Jua linaonekana, lote.